Kunywa, Kutumia na Kuchagua: Historia ya Ladha ya Vinywaji katika Bandari ya Dar es Salaam na Kariakoo

Utangulizi

Katika baa na migahawa ya Kariakoo, mhudumu humpokea mteja kwa swali fupi: "Unatumia kinywaji gani?" Swali hili ni la kila siku, lakini kwa mwanafunzi wa Kiswahili lina mambo mawili yanayostahili kuchunguzwa. Kwanza, halitaji pombe wala soda. Neno kinywaji limezikusanya zote mahali pamoja. Pili, linakiepuka kitenzi kunywa. Kitenzi hicho, kikitumika bila yambwa, huchukua maana ya kunywa pombe: ikisemwa kwamba fulani anakunywa, hakuna atakayedhani kuwa anakunywa maji. Kwa hiyo adabu imekileta kitenzi kutumia, na hata asiyegusa kileo hujibu "situmii" bila kulazimika kueleza sababu.

Swali hilo linachukulia kwamba kila mtu ana ladha yake na kwamba ana haki ya kuulizwa. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba haki hiyo ni changa. Kwa sehemu kubwa ya historia ya mji huu, mtu alichaguliwa kinywaji na umri wake, dini yake, kabila lake, rangi yake na mfuko wake. Uhuru wa kuonja na kuchagua ulipatikana kidogo kidogo, na msamiati wa vinywaji umehifadhi kumbukumbu ya safari hiyo.

Mnazi na Baraza

Kabla Sultani Majid bin Said hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, palikuwapo kijiji cha Mzizima, na mwambao wote ulikuwa nchi ya minazi. Mnazi ulitoa dafu na nazi, na ulitoa tembo pia. Mgema alipanda na kotama yake, akakata ncha ya karara, akakinga utomvu kwa kibuyu. Utomvu uliotekwa punde ni tembo tamu. Baada ya saa chache huwa tembo kali. Ukiachwa siku kadhaa huwa siki. Aidha, karara linalogemwa halizai nazi. Hivyo mwenye shamba alipaswa kuamua mapema kama mnazi wake utalisha chungu cha mchuzi au kibuyu cha mgema.

Methali isemayo "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" hufundishwa shuleni kama onyo dhidi ya majivuno. Hata hivyo, ni ushahidi wa jambo jingine. Mgema hawezi kusifiwa, wala maji hayawezi kugunduliwa, pasipo wanywaji wenye ulimi wa kupambanua. Ladha ya mtu binafsi ilikuwapo tangu zamani, ingawa uwanja wake ulikuwa mwembamba.

Katika mji wenye Waislamu wengi, kinywaji cha heshima mbele za watu kilikuwa kahawa. Neno lenyewe lina kichekesho chake, kwa kuwa qahwa katika Kiarabu cha kale liliwahi kuwa mojawapo ya majina ya mvinyo. Barazani lilipata maana tofauti kabisa. Muuza kahawa wa Kariakoo hubeba dele lenye makaa chini yake, hugonganisha vikombe vidogo visivyo na mikono ili asikike, na humimina kahawa chungu inayonywewa kwa kashata. Uchungu huo hauzoeleki siku ya kwanza. Kijana huufundishwa na wakubwa wake pamoja na mazungumzo ya baraza, na akishauzoea huhesabiwa kuwa mtu wa kijiwe.

Bara nako palikuwa na taratibu zake. Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu historia ya kileo Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi wazee wa kiume walivyodai pombe kuwa haki yao, wakiwazuia vijana na wanawake. Kijana aliyeshuka pwani kutafuta kazi ya kupakia na kupakua mizigo bandarini aliiacha nyuma mamlaka hiyo. Ujira wake mwenyewe ulimpa, pengine kwa mara ya kwanza, nafasi ya kuamua anywe nini.

Mji wa Rangi Tatu

Nafasi hiyo ilikutana na sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika; Wajerumani waliihamishia serikali yao Dar es Salaam mwaka uliofuata. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, ikauachia mtaa jina la Kariakoo. Masharti ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa ya mwaka 1922 yaliwataka pia wadhibiti uuzaji wa pombe kali. Mji wenyewe ukagawanywa katika Uzunguni, Uhindini na maeneo ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaitenga Kariakoo na sehemu za mashariki.

Mipaka hiyo iliingia hata ndani ya vikombe. Mwafrika hakuruhusiwa kununua pombe kali hadi miaka ya 1950. Vinywaji havikuainishwa kwa nguvu yake peke yake, bali pia kwa rangi ya mnywaji: cha Mzungu kiliitwa bia au wiski, na cha Mwafrika kikaitwa "pombe ya kienyeji", kana kwamba mbege ya Wachaga, rubisi ya Wahaya, ulanzi wa Iringa na wanzuki wa asali vilikuwa kitu kimoja. Neno moja la Kiingereza lilizaa mahali pawili. Klabu palikuwa ukumbi wa Wazungu karibu na bahari; kilabu, kwa kuongezwa irabu tu, pakawa mahali pa pombe ya wenyeji, penye leseni na saa za kufunga.

Waliojaza mitungi ya vilabu hivyo walikuwa zaidi wanawake. Kwao upishi wa pombe ulikuwa ada za watoto na kodi ya chumba. Mjini walikutanishwa na wateja wa kila kabila, na ilibidi wajue nani anataka chachu na nani anataka tamu. Humo kilabuni Mzaramo aliweza kuonja kinywaji cha mtu wa milimani, akakikataa au akakirudia. Kwani mwonja asali haonji mara moja.

Chupa na Uhuru

Katika mazingira hayo, chupa ya bia ilibeba uzito uliopita kilichokuwa ndani yake. Kuinunua hadharani kulikuwa kudai kwamba ulimi wa Mwafrika hauna tofauti na ulimi wa Mzungu. Ndiyo maana haifai kuieleza bia ya miaka ya 1950 kama uigaji mtupu wa ugeni.

Uhuru wa mwaka 1961 uliondoa ubaguzi wa rangi, lakini haukuondoa udhibiti. Sheria ya mwaka 1966 ilikataza kukoroga na kuchemsha moshi, yaani gongo, bila leseni. Nacho kinywaji halali cha kiwandani kikapata jina la Konyagi, lililotoholewa kutokana na cognac ya Kifaransa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa za utengenezaji wa bia. Ulipofika uhaba wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980, mnywaji alikunywa kilichopatikana. Ladha yake haikuwa na la kusema. Ni baada ya ubia wa Kampuni ya Bia Tanzania na wawekezaji wa Afrika Kusini mwaka 1993, na kuingia kwa washindani, ndipo kuuliza aina ya bia kukawa na maana.

Kiswahili cha baa kilijibu haraka. "Moto au baridi?" huuliza mhudumu, na moto hapo ni kile tu ambacho hakikutoka kwenye jokofu. Wakati huohuo lugha rasmi imeziita soda na juisi vinywaji baridi. Matokeo yake ni kwamba mteja anaweza kuagiza kinywaji baridi cha moto, na akaeleweka bila taabu.

Wasiotumia

Historia ya ladha haina haki ya kuwasahau wasiotumia kileo. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, ukwaju, togwa na madafu yanayouzwa juu ya baiskeli vina wajuzi wao, wanaojua kwa kuligonga dafu kama maji yake ni matamu. Dafu limeingia hata katika uchumi wa lugha: shilingi ya Tanzania huitwa kwa mzaha "pesa za madafu". Anayekataa pombe kwa imani, kwa afya au kwa kutoipenda tu, naye amechagua.

Hitimisho

Uhuru huo bado una mipaka. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, kwa sababu vilikuwa rahisi mno kufika mikononi mwa vijana. Gongo nayo bado hunywewa na asiyemudu chupa, na ikitengenezwa vibaya huweza kuua. Mfuko unaendelea kuchagua pale sheria ya rangi ilipoacha.

Kwa wataalamu wa lugha, kazi iliyo mbele ni ya haraka. Kamusi zimeandika majina ya vinywaji, lakini hazijaandika vya kutosha maneno ya kuvipima: kimea kilichokomaa na kisichokomaa, machicha yaliyokamuliwa na yasiyokamuliwa, ukali unaopendeza na ukali unaochoma. Maneno hayo yamo vinywani mwa wapishi wa pombe, wagema na wauza kahawa, ambao wengi wao ni wazee. Yakusanywe wakiwa bado wanaweza kuulizwa.