Maji Yaliyo Chini ya Kisumu

Reli ilipofika Port Florence, Kisumu ya leo, Desemba 1901, mji uliozaliwa pale ufukweni ulikuwa na Ziwa Victoria mlangoni, na tangu hapo wapanga mipango wake hawakuona sababu ya kuyafikiria maji ya ardhini. Mabomba yalivuta kutoka ziwani kupitia mtambo wa Dunga na kutoka mto Kibos kule Kajulu. Maji ya chini waliachiwa watu ambao bomba halikuwafikia, katika mitaa ya Manyatta, Nyalenda, Obunga. Huko, mwenye ploti alichimba kisima kwa sururu na jembe, akazungushia mdomo wake saruji, akateka kwa ndoo na kamba, na jirani akaja na mtungi wake, mara nyingine kwa pesa, mara nyingine bure. Naamini visima hivyo vimekuwa akiba ya kweli ya Kisumu kwa muda mrefu, na mji umeiharibu akiba hiyo kwa kutoihesabu wala kuijaza upya.

Wapo watakaouliza, mji ulio kando ya ziwa kubwa hivi una haja gani ya kujaza maji ardhini? Jibu limo katika historia ya ziwa lenyewe. Kipindupindu kilipolipuka Nyanza mwaka 1997 na kuendelea hadi 1998, wagonjwa zaidi ya 14,000 walilazwa, na wachunguzi wakakuta kwamba kunywa maji ya ziwa ni mojawapo ya mambo yaliyomweka mtu hatarini. Gugumaji limeziba ghuba ya Winam mara kwa mara. Mwaka 2006 ziwa lilikuwa limekauka hadi mbali na kingo zake za kawaida. Mwaka 2020 lilifurika hadi kwenye nyumba za watu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu: udongo mweusi wa uwanda wa Kano. Ukilowa hufura na kujifunga, ndiyo maana mafuriko ya mto Nyando hukaa juu ya mashamba badala ya kuzama. Kumwaga maji pale ni kupoteza kazi. Lakini maji ya ardhini hayaanzii Kano pekee. Huanzia pia miteremkoni, Kajulu na kwenye ukingo wa Nandi, ambako mwamba uliomomonyoka na kupasuka hupitisha mvua, alimradi mteremko una miti na matuta ya kuipunguzia kasi.

Mjini kwenyewe mambo yamepinduka. Mvua ya Manyatta huangukia bati na lami, ikakimbilia mtaroni na kuingia ziwani. Kinachozama ardhini kwa uhakika ni kile kinachovuja kutoka vyoo vya shimo, hatua chache kutoka kisimani. Watafiti waliopima visima vya Manyatta na Migosi mwishoni mwa miaka ya 1990, na tena zaidi ya miaka kumi baadaye, walikuta vijidudu vya kinyesi. Wengine husema basi visima vifukiwe, kila nyumba ipewe mfereji. Mfereji wa kunywa, naam. Lakini siku unapokauka watu hurudi kisimani kufua na kuosha vyombo, na kisima kilichotelekezwa hakilindwi na mtu. Kazi ya kwanza ya kujaza maji ya ardhini Manyatta, basi, ni bomba la majitaka. Bila hilo, kila mfereji wa paa utakaoelekezwa ardhini utasukuma uchafu wa chooni kisimani kwa kasi zaidi.