Ramu Iliyokosa Bodi

Kijana akiniletea orodha ya vifaa vya kompyuta yake mpya ya gemu, jicho langu hutua kwanza kwenye bodi mama. Bodi ndiyo inayoamua ramu. Waliolijua hilo kwa uchungu ni wanunuzi wa mwaka 2000.

Wakati huo Intel iliamini ramu ya kesho ni RDRAM, iliyobuniwa na kampuni ya Rambus ya California. Mashine ya gemu ya Nintendo 64 ilikuwa ikiitumia tangu 1996. Kwenye kompyuta, hata hivyo, ilikuwa ghali, ilipata joto hadi ikavalishwa bati la kupoza, na watengenezaji walidaiwa ada na Rambus. Bodi za chipseti 820 ya Intel zilichelewa mwaka 1999 kwa sababu zenye nafasi tatu za ramu zilikosea data. Intel ikaongeza kifaa cha kuziwezesha kutumia SDRAM, ramu ya kawaida ya bei nafuu; nacho kikawa na hitilafu, na Mei 2000 bodi hizo zikaitwa zirudishwe.

Novemba mwaka huohuo ikaja prosesa ya Intel ya Pentium 4, na bodi zake za kwanza zilidai RDRAM, tena kwa jozi. Nafasi tupu zilijazwa vipande visivyohifadhi chochote, ili njia ya ishara isikatike.

Upande wa pili AMD, mshindani wa Intel, ilishika DDR, kiwango cha ramu kilichokubaliwa na watengenezaji wengi ndani ya shirika la viwango la JEDEC. Wengi walipoizalisha, bei ikashuka. Kufikia 2003 Intel nayo ilikuwa imehamia huko. Nimezifungua Pentium 4 za namna ile zilizofika Dar es Salaam zikiwa mitumba: mashine nzima, lakini ramu ya kuongeza ilikuwa adimu, na bei yake haikulingana na thamani ya kompyuta yenyewe.

Tangu hapo pengo la ukingoni mwa kipande cha ramu limehamishwa kwa kila kizazi cha DDR, ili kisiingie nafasi ya kingine. Mwaka 2021 prosesa za Intel za kizazi cha 12 zilipata bodi za aina mbili, DDR4 au DDR5. Mwaka uliofuata AMD ilitoa soketi ya AM5, inayopokea DDR5 peke yake.

Kwa hiyo, kijana wangu, kama unaanza upya kabisa, nunua bodi ya DDR5. DDR4 mwachie mwenye ramu zake tayari. Na kabla hujatoa hela, soma orodha ya ramu zilizojaribiwa na mtengenezaji wa bodi hiyo.