Mkaguzi na Sanduku Lake

Mwaka 1979, maabara za Bell za Marekani zilipotoa toleo la saba la mfumo wa Unix, ndani ya furushi lile moja mlikuwa na vitu viwili ambavyo yamkini hapana aliyedhani kuwa siku moja vitahitajiana. Cha kwanza kilikuwa programu iitwayo lint, aliyoitunga Stephen Johnson mwaka mmoja kabla na kuipa jina la nyuzinyuzi zinatazo juu ya nguo. Nayo haikuwa na kazi ya kuendesha msimbo wa lugha ya C, bali kuusoma tu, mstari baada ya mstari, na kumwonyesha mwandishi wake pale ambapo kompaila imeridhika ilhali akili timamu hairidhiki. Cha pili kilikuwa mwito mfupi wa mfumo, chroot, ulioifungia programu katika saraka moja na kuifanya isadiki kwamba saraka hiyo ndiyo dunia nzima. Mkaguzi na chumba cha kumfungia, basi, walitoka nyumba moja.

Mkaguzi huyo alipata hadhi kubwa kuliko asili yake. Mwaka 1992 Ward Cunningham aliufananisha msimbo uliotolewa kwa haraka na deni lenye riba, na mfano huo ukawaingia watu moyoni. Hata ilipoanzishwa kampuni ya SonarSource mjini Geneva, mwaka 2008, programu yake ya Sonar haikutosheka kutaja makosa na kunyamaza, bali ilikaa katika seva kama karani wa daftari, ikitunza kumbukumbu za kila ukaguzi na kuhesabu deni hilo kwa siku za kazi zitakazohitajika kulilipa. (Mimi hesabu hiyo siiamini sana, ila nimeona inavyowashtua mameneja.)

Kuhusu sanduku, yaani kile chumba cha kufungia ambacho leo huitwa kontena, jina lake limetoka baharini. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X, ya Malcom McLean, iling'oa nanga Newark kwenda Houston na makontena 58, na mfano huo ndio alioufuata Solomon Hykes alipoitangaza Docker huko Santa Clara mwezi wa Machi 2013, chombo ambacho kwa Waingereza jina lake ni la kuli wa gatini: programu ifungwe pamoja na kila inachohitaji, ishushwe popote. Mwaka huohuo Sonar ilibadilishwa jina ikawa SonarQube, na haukupita muda mrefu mkaguzi akawa anasafirishwa sandukuni.

Mara ya kwanza nilipomshusha mimi, kontena liliamka, likaishi kwa muda usiofika dakika moja, likafa. Nililiamsha tena, likafa tena. Katika kumbukumbu zake mlikuwa na lalamiko moja: vm.max_map_count ni 65530, nayo ni ndogo mno, yatakiwa walau 262144. Nikahangaika kuibadili tarakimu hiyo mle ndani, juhudi ya bure kabisa, kwani kontena, tafauti na kompyuta kamili, halina kiini chake lenyewe, bali hukiazima kile cha Linux ya mwenyeji wake. Na Elasticsearch, ambayo SonarQube huitumia kutafutia, huitandaza faharasa yake katika kumbukumbu kwa vipande vingi, na kikomo cha idadi ya vipande hivyo, ambacho ndicho tarakimu ile, huwekwa na kiini hicho, wala si na sanduku. Ukuta uliorithiwa kutoka chroot huficha mengi, lakini sakafu ni ya nyumba nzima.

Nikatoka nje, nikaandika sysctl -w vm.max_map_count=262144 kwenye mashine ya mwenyeji, nikaliamsha kontena kwa mara ya tatu. Baada ya kitambo mlango nambari 9000 ulifunguka, nikaingia kwa jina la admin na nywila ya admin, na chini ya ukurasa nikakuta onyo kwamba hifadhidata iliyomo ni ya majaribio tu.