Daftari la Shule Mikononi mwa Mzazi: Hoja ya Kujiunga na Kamati ya Wazazi mjini Goma

Kamati ya wazazi, ambayo mjini Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hujulikana zaidi kwa kifupisho chake cha Kifaransa COPA, ni chombo cha wazazi waliochaguliwa na wenzao ili wawasemee mbele ya uongozi wa shule. Wawakilishi wake huketi pia katika kamati ya usimamizi, yaani COGES, ambamo mkuu wa shule na walimu hupanga matumizi ya fedha na kuyatolea hesabu. Makala haya yanatetea hoja kwamba mzazi anapaswa kujiunga na kamati hiyo, au walau kuhudhuria mkutano mkuu unaoichagua, kwa kuwa yeye ndiye mkaguzi aliye karibu zaidi na shule na mwenye mtoto ndani yake.

Uzito wa hoja hii unatokana na historia. Mwaka 1974 dola ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilizitwaa shule za makanisa, na mwaka 1977 ikayarudishia makanisa usimamizi wa shule hizo kwa mkataba, ndiyo maana shule nyingi za umma huitwa hadi leo shule za mkataba: mwalimu ni wa serikali, lakini uongozi ni wa kanisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mfumuko wa bei ulipoila mishahara na migomo ikazifunga shule, wazazi walikubaliana na wasimamizi wa shule kuchangia malipo ya motisha, yaani fedha za kumwongezea mwalimu kipato ili abaki darasani. Mpango uliokusudiwa kuwa wa muda ulidumu zaidi ya robo karne, na katika muda huo kamati za wazazi zilizoea kuitwa hasa pale kiwango cha mchango kilipohitaji kuidhinishwa.

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na haina malipo, na agizo hilo lilianza kutekelezwa nchini kote Septemba 2019. Hatua hiyo iliwafungulia mlango watoto wengi, lakini pia ilizua dhana potofu kwamba mzazi asiyelipa hana la kuuliza. Ukweli ni kinyume chake, kwa sababu fedha ya umma inatokana na kodi ya wananchi wote, na mali bila daftari hupotea bila habari. Zaidi ya hayo, shule za sekondari zinaendelea kutoza ada, na huko swali la nani amepanga kiwango, na kwa matumizi gani, linamgusa mzazi moja kwa moja.

Goma ina sababu zake za pekee. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilizifunika shule mwaka 2002, na mwaka 2021 ikateketeza makazi na shule kaskazini mwa mji. Katika vita vya mara kwa mara, madarasa yamegeuka malazi ya wakimbizi wa ndani. Mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, masomo yalisimama kwa muda na benki zikafungwa, hata mshahara unaotoka Kinshasa ukawa mgumu kumfikia mwalimu. Katika hali kama hiyo, kishawishi cha kuwarudishia wazazi mzigo wa zamani ni kikubwa, na mchango unaokubaliwa na mkutano wa wazi, ukaandikwa na kusomwa hadharani, ni tofauti kabisa na mchango unaotangazwa kwa mtoto darasani.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Mama anayeuza samaki katika soko la Kituku au anayevuka mpaka kila alfajiri kwenda Gisenyi, nchini Rwanda, hana nafasi ya kuhudhuria kikao cha asubuhi, na baadhi ya kamati zimekuwa mhuri tu wa mkuu wa shule. Hata hivyo, kasoro hizo zinadai kamati irekebishwe, wala hazihalalishi kuikimbia. Vikao vifanyike saa ambazo wachuuzi wamerudi nyumbani, kila darasa lichague mjumbe wake kwa kura, familia zilizohamishwa na vita zipewe nafasi, na hesabu isomwe kwa Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha za taifa kwa mujibu wa Katiba, badala ya kufungiwa katika Kifaransa ambacho wazazi wengi hawakifuatilii.

Kwa karibu miaka thelathini mzazi wa Goma aliibeba shule mabegani, na kwa hiyo haombi fadhila anapotaka kuona daftari la shule hiyo. Mkutano mkuu wa wazazi utakapoitishwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na afike, apige kura, na asitoke kabla hesabu haijasomwa.