Dhahabu na Ibada: Kutoka Misri ya Kale hadi Nchi ya Wasukuma

 

Ndugu Waislamu, katika nchi ya Shinyanga na Geita liko neno linalosemwa mashimoni na majumbani, nalo ni hili: kwamba dhahabu haipatikani ila kwa dawa, na dawa haishiki ila kwa damu, na kwamba mambo hayo ni jadi, ndivyo walivyofanya wazee wetu, na ndivyo walivyofanya mataifa makubwa ya kale. Jambo likishaitwa jadi, watu huona haya kulihoji. Leo tumeona tulihoji kwa njia ya tarehe, yaani historia.

Tuanze na Misri, kwa kuwa hatulijui taifa la kale lililoifunganisha dhahabu na ibada kuliko hilo. Wamisri waliamini kuwa nyama ya miungu yao ni dhahabu na mifupa yao ni fedha. Dhahabu haishiki kutu, na kwao kisichooza ndicho kilichokuwa cha milele. Kwa hiyo maiti ya mfalme ilikaushwa kwa magadi, ikaviringishwa vitambaa vya kitani, kisha ikavikwa uso wa dhahabu. Mwezi wa Novemba 1922 Mwingereza Howard Carter aligundua kaburi la Tutankhamun, mfalme aliyekufa akiwa kijana wa miaka kama 19, zaidi ya miaka 1,300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Jeneza lake la ndani lilikuwa la dhahabu, uzito wake yapata kilo 110, na kifuniko cha uso wake yapata kilo 10. Naye hakuwa katika wafalme wakubwa. Makaburi ya waliokuwa wakubwa kuliko yeye yalikwisha kuporwa zamani na wezi, na wengine katika wezi hao walikuwa Wamisri wenyewe, waliolelewa katika dini ile ile.

Michoro ya makaburi hayo haikuwa pambo. Mtu alichorwa uso umegeuka upande na mabega yametazama mbele, ili kila kiungo kionekane na kimfae maiti huko aendako. Walichora mavuno, uvuvi, ndege wa mtoni, mikate na ng'ombe, kwa imani kuwa vitakuwa riziki yake. Wakachora pia mizani: moyo wa marehemu katika kitanga kimoja na unyoya wa haki katika kitanga cha pili. Picha hii inatufikirisha. Watu hawa waliabudu jua na wanyama, lakini walijua kuwa baada ya mauti iko hesabu.

Dhahabu yenyewe ilitoka katika majangwa ya mashariki ya Nili na ya Nubia. Katika karne ya 2 kabla ya Nabii Isa, Mgiriki aitwaye Agatharchides aliandika habari za machimbo hayo, wakati nchi ilipokuwa chini ya wafalme wa asili ya Kigiriki. Wachimbaji walikuwa wahalifu na mateka wa vita, wengine pamoja na jamaa zao. Walivunja mwamba gizani, taa zimefungwa kwenye vipaji vya nyuso. Watoto walitambaa ndani ya mapango kuokota mawe yaliyovunjwa. Wanaume waliyatwanga vinuni. Wanawake na wazee waliyasaga. Aliyepata kufika Nyarugusu au Rwamgasa atayajua mambo haya bila kuonyeshwa picha. Damu iliyomwagika kwa dhahabu ya Misri ilikuwa damu ya kazi na ya mijeledi. Wala haikuitwa dawa.

Waashuri, Wababeli na Waajemi tutawapitia kwa ufupi. Waashuri walisimamisha milangoni mwa majumba ya wafalme ng'ombe wa mawe wenye mabawa na vichwa vya watu, wawe walinzi. Katika Ninawi, mji wa Nabii Yunus (A.S.), mfalme Ashurbanipal aliamuru kuta zichongwe picha za kuwinda simba, na simba jike aliyechomwa mishale akijikokota kwa miguu ya mbele amechongwa kwa ustadi ambao wachongaji wachache wamewahi kuufikia. Mji ulianguka mwaka 612 kabla ya Nabii Isa. Msikiti wa Nabii Yunus uliokuwa juu ya kilima cha magofu hayo, mjini Mosul, ulilipuliwa mwezi wa Julai 2014 na watu waliojiita watetezi wa Uislamu, na chini yake yakaonekana mabaki ya jumba la kifalme la Waashuri. Wababeli walijenga lango la Ishtar kwa matofali ya rangi ya samawati, nalo sasa liko Berlin. Makuhani wao walitazama maini ya kondoo ili kujua yajayo, na wakafinyanga mifano ya maini kwa udongo ili wanafunzi wajifunzie. Ramli hiyo yote haikumzuia Koreshi wa Uajemi kuingia Babeli mwaka 539. Waajemi nao walimwita mungu wao Ahura Mazda na kuuheshimu moto. Hata Salman Al-Farisi (R.A.), kabla ya kutoka kwao kuitafuta haki, alikuwa mlinzi wa moto huo.

Tumeyataja maini ya Babeli kwa sababu yanatufikisha moja kwa moja Usukumani. Huko mfumu, yaani mwaguzi, hupasua kuku na kusoma alama katika mwili wake, kama kuhani wa Babeli alivyosoma kondoo. Hatusemi kuwa mmoja alijifunza kwa mwingine. Tunaloliona ni kuwa mwanadamu aliyeingiwa na hofu hufuata njia zinazofanana.

Wasukuma walikuwa na dini yao na sanaa yao kabla hawajafikiwa na Waislamu wala Wakristo. Walimjua Muumba, wakamwita Liwelelo au Seba, lakini waliona yuko mbali, na shida zao wakazipeleka kwa masamva, yaani mizimu ya wazee. Mtemi alikuwa mfalme na kadhi, na mvua ya nchi ilikuwa dhamana yake. Kiti chake na ngoma zake havikuwa vyombo vya kawaida. Vilikuwa alama za utawala wenyewe. Serikali ilifuta madaraka ya watemi mwaka 1963, na leo ngoma na viti hivyo huonekana katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na padri David Clement.

Walikuwako pia Bayeye, chama cha washika nyoka, wenye dawa za sumu na mafunzo ya siri. Katika nyumba zao za mafunzo walichora kutani nyoka, wanyama na watu wa hadithi za chama, ili mwanafunzi akiona picha akumbuke somo. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni, aliandika kitabu kizima juu ya michoro hiyo, kikachapishwa mwaka 1953. Watu husafiri hadi Misri kutazama nyoka waliochorwa makaburini, na wachache wanajua kwamba babu zetu wa huku nao walichora nyoka kwenye kuta za udongo. Nyumba za udongo huanguka na picha zake hupotea. Sisi hatuziabudu picha hizo, lakini hatuoni fahari katika kupotea kwake.

Sasa tuulize: katika ibada hiyo ya masamva mlikuwa na nini? Mlikuwa na pombe na unga wa mtama, kuku, mbuzi, kondoo na ng'ombe. Waliomba mvua, uzima, uzazi, na kutulia kwa ugonjwa. Dini yetu haikubali matambiko hayo, na hilo hatulifichi. Wala hatukatai kuwa hofu ya uchawi ni ya zamani. Lakini anayesema kuwa kumkata kiungo mtu mwenye ualbino ili mwamba utoe dhahabu ni jadi ya Wasukuma, huyo anawasingizia wafu.

Maana dhahabu yenyewe, kwa namna tunavyoijua, si kongwe hapa. Wadachi waliiona Geita mwaka 1898. Mgodi mkubwa ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka uliofuata. Pembeni ya migodi hiyo walikuja maelfu ya wachimbaji wadogo kutoka kila mkoa. Mmoja hupata utajiri kwa siku moja, na jirani yake huchimba miezi mitatu asipate hata punje. Penye bahati ya namna hiyo hukaa mganga. Na wengine katika waganga hao, tuseme kweli, huvaa kanzu na kufungua kitabu. Habari za mauaji ya watu wenye ualbino zilienea kuanzia mwaka 2007, na wataalamu waliochunguza wakayahusisha na soko la hirizi kwa wachimbaji wa dhahabu na wavuvi wa ziwa. Hiyo ni biashara, nayo ina umri mdogo kuliko wengi wanaotusikiliza.

Na vikongwe wa Shinyanga waliouawa kwa kuwa na macho mekundu! Macho hayo yalipata wekundu kwa moshi wa kupikia, walipokuwa wakiwalisha watoto na wajukuu kwa miaka mingi.

Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino, katika wilaya ya Bukombe, iliyokuwa wakati huo mkoani Shinyanga na sasa imo mkoani Geita.

Iko karatasi ya mafunjo katika mji wa Turin, Italia, iliyochorwa zama za Ramesses wa Nne, yapata mwaka 1150 kabla ya Nabii Isa. Ni ramani ya machimbo ya dhahabu, katika zile za kale kabisa zilizobaki duniani. Mwandishi wake aliamini miungu mingi, na hekalu la Amun amelichora humo. Lakini alipotaka kuonyesha dhahabu iko wapi, alitofautisha milima kwa rangi ya mawe yake, akaandika majina ya njia, akaweka alama ya kisima na nyumba za wafanyakazi.