Lugha Kiganjani: Historia Fupi ya Kuwaandaa Walimu wa Wasioona wala Kusikia Nchini Kenya

Historia ya elimu maalumu nchini Kenya aghalabu husimuliwa kwa kufuata milango ya fahamu. Shule ya Wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, huingizwa katika sura ya macho. Shule za viziwi za Nyang'oma na Mumias, za mwaka 1961, huingizwa katika sura ya masikio. Mgawanyo huo ulifaa katika kujenga shule. Kwa mtoto asiyeona wala kusikia, hata hivyo, ulizaa tatizo ambalo kiini chake ni lugha.

Mwalimu wa wasioona hutegemea sikio la mwanafunzi. Humweleza kwa maneno asichokiona, na Breli hujengwa juu ya lugha ambayo mtoto amekwisha kuipata nyumbani kwa kusikia. Mwalimu wa viziwi hutegemea jicho. Kila mmoja, basi, amefunzwa kupitia mlango ambao kwa mtoto huyu umefungwa, au umebaki wazi kidogo tu. Kuwaweka walimu hao wawili katika darasa moja hakutoshi, kwani hali hii si jumla ya ulemavu wa aina mbili. Inadai njia yake yenyewe ya mawasiliano, nayo ni mguso.

Njia hiyo ina historia ndefu ughaibuni. Mwaka 1837 Samuel Gridley Howe alianza kumfunza Laura Bridgman mjini Boston. Mwaka 1887 Anne Sullivan alifika Alabama, akaanza kumtajia Helen Keller maneno kwa vidole kiganjani. Sullivan alikuwa amejifunza alfabeti hiyo katika shule ileile ya Boston, ambako Bridgman alikuwa bado anaishi. Ujuzi ulipokewa kwa kukaa na mjuzi.

Nchini Kenya, hatua kubwa ilipigwa mwaka 1986 ilipoundwa Taasisi ya Elimu Maalumu, ambayo ipo Kasarani, kando ya barabara iendayo Mwiki. Taasisi hiyo iliwapa walimu kituo kimoja cha taifa, lakini mafunzo yaliendelea kupangwa kwa aina za ulemavu. Kwa upande wa shule, Kabarnet katika Baringo ikawa na shule ya viziwi wasioona, ambako mkono ndio ulimi na ndio sikio.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohusika. Sentensi "Vitabu vyangu vizuri vimepotea" ina herufi 27, na upatanisho wa ngeli umejitokeza mara nne. Ikitajwa herufi kwa herufi kiganjani, marudio hayo huchukua muda. Lakini pia humwokoa msomaji aliyepotewa na herufi moja, kwani kiambishi kifuatacho humrudisha njiani. Lugha ya Ishara ya Kenya, kwa upande mwingine, si Kiswahili cha mikono. Ina sarufi yake. Aliyezaliwa kiziwi akapoteza macho ukubwani aweza kuzipokea kwa kugusa ishara alizokwisha kuzijua. Aliyezaliwa bila kuona wala kusikia huanzia mbali zaidi: hupewa kikombe mkononi kila kabla ya chai, mpaka kikombe kiwe neno. Mwalimu asiyezitofautisha hali hizi aweza kumfundisha mtoto tahajia kabla hajapata lugha ya kutahajia.

Sheria imekwisha kulitambua jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008, unataka viziwi wasioona waelimishwe kwa lugha na njia zinazomfaa kila mmoja wao, na walimu waandaliwe kwa kazi hiyo. Katiba ya mwaka 2010 nayo inaitaka Serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli.

Kwa muhtasari, mwalimu aliandaliwa kwa kuulizwa mtoto amekosa nini. Swali linalostahili kutangulia ni lugha ipi itamfikia, na kwa mkono wa nani. Madhali swali hilo ni la lugha, idara za lugha haziwezi kuliachia elimu maalumu peke yake.