Mahindi Mbele ya Kituo cha Polisi

Nilipokuwa darasa la sita, mgambo wa mji wetu waliyafyeka mahindi ya mama. Alikuwa ameyapanda kando ya barabara, na sheria ndogo zilikataza. Yalikuwa yameanza kutoa mbelewele. Mama hakusema neno; aliokota mabua, akampelekea jirani mwenye ng'ombe.

Nilimkumbuka miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi Manchester, siku niliyopanda treni kwenda Todmorden, mji mdogo wa soko wenye watu wapatao 15,000, bondeni katika mpaka wa kale wa Lancashire na Yorkshire. Mbele ya kituo cha polisi palikuwa na mahindi, na mpita njia yeyote aliruhusiwa kuchuma.

Mji huo ulikuzwa na pamba. Mwaka 1782 Joshua Fielden, mkulima na mfanyabiashara wa vitambaa vya sufu, alianza kusokota pamba katika nyumba ndogo za Laneside. Wanawe wakapanua viwanda. Mfereji wa Rochdale ulikamilika 1804, reli ikafika 1841. Pamba yenyewe, kwa sehemu kubwa, ililimwa na watumwa wa Marekani. Mmoja wa wana hao, John, akiwa mbunge, alipigania sheria ya 1847 iliyoweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku kwa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo. Ukumbi wa mji, uliofunguliwa 1875 juu ya mto uliokuwa mpaka, ulijengwa kwa fedha za familia hiyo.

Katika karne ya 20 biashara ya pamba ilianguka, na mji ulioitegemea ukadhoofika nayo.

Mwaka 2008 Pam Warhurst, Mary Clear na wenzao walianzisha Incredible Edible. Hawakusubiri mwekezaji wala kibali. Walipanda viungo vya majani stesheni, mboga na miti ya matunda penye ardhi iliyosahauliwa. Wauza soko wakapewa vibao vya kuandika vyakula vilivyotoka karibu. Wageni wakaanza kuja kutazama bustani, na wakija hununua chai na mkate.

Bustani hizo hazikurudisha ajira za viwandani. Tena nilipotaka kuamini kwamba hiki ni kisa cha wanyonge watupu, nilisoma kwamba Warhurst aliwahi kuongoza halmashauri ya Calderdale, inayosimamia mji huo. Kupanda bila kibali ni rahisi zaidi kwa anayewajua watoa vibali. Mama hakumjua hata mmoja.

Jioni nilimpigia simu nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mgambo wao wako wapi, mwanangu?"

"Wako ndani ya jengo hilo hilo, mama. Mahindi yako dirishani kwao."

Akanyamaza kidogo. "Wameyapalilia?"